Kabla Hamjanunua Ubao wa Kidijitali

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya maktaba yetu ya kata, wilayani Handeni. Vijana wetu walioko Dar es Salaam wametuchangia shilingi milioni tano, na kuna kompyuta tano zilizotumika ambazo tumepewa bure. Tunataka kila mtu wa kata aweze kusoma hapa. Tunaye binti wa kidato cha pili asiyeona, ndugu wawili wenye ualbino walioko darasa la tano, kijana kiziwi aliyemaliza la saba akabaki nyumbani, na mtoto wa miaka tisa ambaye mikono inamkakamaa na maneno yake hayaeleweki vizuri. Wazee wa kisomo nao wanakuja kila Jumamosi. Muuzaji mmoja anatushauri tununue ubao wa kidijitali wa kugusa, anasema ndiyo teknolojia saidizi ya kisasa. Wewe unasemaje?"

Jibu: Shikamoo, Mwalimu.

Nianze na huyo muuzaji, maana ndiye mwenye haraka. Ubao anaousema ni skrini kubwa ya kugusa, basi. Binti yenu hatapata kitu pale. Wale ndugu wawili mwanga wake utawachoma macho, na wakikaa mbali nao hawasomi. Kijana kiziwi atatazama watu wakifumbua midomo bila kujua wanasema nini. Mtoto mwenye mikono iliyokakamaa hataufikia. Watakaoufurahia ni wale ambao tayari wanasoma bila shida, tena mpaka umeme ukatike. Kama mngepewa bure ningesema pokeeni, mtaupatia matumizi. Kwa milioni tano mlizonazo, hapana.

Fedha nyingi ziende kwa watu na kwa maandishi. Kwa vifaa iende kidogo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya vifaa mnavyovihitaji imo tayari ndani ya kompyuta hizo tano na ndani ya simu za wanakijiji. Kinachokosekana ni mtu anayejua kuviwasha na kuwafundisha wenzake, na vitabu ambavyo mashine inaweza kuvisoma. Hayo mawili hayauzwi kwenye boksi, ndiyo maana hakuna muuzaji anayekuja kuwashauri muyanunue.

Kwanza mjue mnao akina nani. Orodha yako ina watoto wanne na kijana mmoja, nami naamini wako zaidi. Mkitangaza kwamba watu wenye ulemavu waje kuandikishwa, watakuja wale wanaojulikana tu, wengine watabaki ndani. Tumieni maswali sita ya Kundi la Washington, jopo la takwimu za ulemavu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha usikivu, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutulia kwenye jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na watu kwa lugha yake ya kila siku. Majibu ni manne: sina shida, nina shida kiasi, nina shida kubwa, siwezi kabisa. Neno ulemavu halitajwi popote. Mabalozi wa nyumba kumi wanaweza kuuliza maswali haya wakiwa kwenye shughuli zao za kawaida, na majina mtakayoletewa yatawashangaza.

Wengi wa watakaojitokeza watakuwa wazee wenu wa Jumamosi. Kuanzia miaka arobaini na kuendelea jicho hupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu, na mtu huanza kusogeza kitabu mbali mpaka mkono unaisha. Nimekaa kwenye madarasa ya kisomo nikasikia mama akiitwa mzito, kumbe herufi haioni. Nunueni miwani ya kusomea ya nguvu tofauti, kuanzia +1.00 hadi +3.50, mbili mbili, iwe mali ya maktaba. Anayesoma anajaribu, anachagua inayomfaa, anairudisha akimaliza. Asiyeona vizuri hata kwa miwani hiyo, au anayelalamika ukungu na maumivu, apelekwe kitengo cha macho hospitalini, kwa sababu mtoto wa jicho na presha ya macho haviponi kwa miwani ya dukani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Miwani ya kawaida imo kwenye hesabu hiyo. Watu wakisikia teknolojia saidizi huwaza roboti.

Sasa tuje kwa binti wa kidato cha pili, maana kwake ndipo penye kazi kubwa.

Ulizeni kwanza: anasoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, au amevuka madarasa kwa kusikiliza tu? Mtasikia watu wakisema nukta nundu imepitwa na wakati, siku hizi simu inasoma kila kitu. Msikubali. Anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje wala aya inaishia wapi, na kwenye hisabati ndiyo kabisa: mlinganyo wa mistari mitatu haushikiki kwa masikio. Mfumo huu Louis Braille aliuchapisha mwaka 1829, na mpaka leo hakuna kilichoupiku kwa mtu asiyeona anayetaka kuandika kisha arudi kuyapitia aliyoyaandika kwa vidole vyake.

Kifaa cha bei nafuu cha kuandikia ni kibao chenye madirisha madogo na kalamu yake ya kutobolea. Kinaingia kwenye mkoba na hakihitaji umeme. Shida yake ni kwamba karatasi inatobolewa kwa nyuma, kwa hiyo mwandishi anatoka kulia kwenda kushoto na kila herufi anaigeuza, kisha anapindua karatasi ndipo asome. Kwenye nukta nundu e na i ni herufi ile ile iliyogeuzwa, hivyo mwanafunzi anayeanza huandika "miza" akidhani ameandika "meza". Mwalimu asiyelijua hilo atamwona hajui tahajia. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, haina mgeuzo huo: vitufe sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma, kimoja cha kushuka mstari, na herufi zinainuka juu pale pale. Ni chuma kitupu, uzito wake karibu kilo tano, na ikitunzwa inadumu miongo. Mpya ni ghali mno kwenu. Lakini si ajabu kukuta mashine imelala stoo ya shule fulani kwa sababu ya kitufe kimoja kilichokwama. Mwoneni Afisa Elimu Maalum wa halmashauri aulizie kabla hamjatoa shilingi. Na Irente kule Lushoto, mkoani kwenu, kuna shule ya wasioona yenye uzoefu wa miaka mingi. Walimu wa pale ni watu wa kuwapigia simu.

Mtaambiwa pia kuhusu vifaa vya kielektroniki kama Orbit Reader 20, ambacho huinua na kushusha nukta chini ya vidole, herufi 20 kwa mkupuo, na kubeba vitabu kwenye kadi ya kumbukumbu. Kenya, taasisi ya Kilimanjaro Blind Trust Africa imekuwa ikivisambaza mashuleni. Ni kitu kizuri sana, na kimoja hugharimu mamia ya dola. Kiwekeni kwenye barua ya kumwomba mfadhili, kisiingie kwenye milioni tano hizi.

Kwenye kompyuta, pakueni NVDA. Ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, haina malipo, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Inataka Windows, basi hakikisheni mashine mlizopewa zina Windows 10 au mpya zaidi. Mnaweza kuiweka hata kwenye flashi, binti akaichomeka kwenye kompyuta yoyote akaanza kazi. Sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, inasema Kiswahili. Ni sauti kavu, siipendi hata kidogo. Wanaoitumia kila siku wananiambia wanaitaka hivyo hivyo, kwa sababu ukiikimbiza haimezi silabi. Hakikisheni lugha imewekwa Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma "mwalimu anaandika" inatoa kitu ambacho hata wewe uliyefundisha miaka yote hiyo hutakitambua, na wengi waliokata tamaa na programu hizi walikatishwa tamaa na hilo tu.

Somo lake la kwanza liwe kupiga chapa bila kutegemea macho. Aanze na vile vinundu viwili kwenye F na J, vidole vya shahada vikae hapo, vingine vijipange. Panya muweke kando, hana kazi naye. Mtu anayemfundisha asimshike mkono kumburuza kwenye kibodi. Aseme, angoje, aseme tena. Mkiona mwezi wa kwanza umeishia kwenye kupiga chapa, mjue mambo yanakwenda vizuri.

Kwenye simu za Android kuna TalkBack, nayo ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, ambayo imo tayari kwenye mipangilio ya ufikivu. Imo pia kwenye vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 ambavyo serikali iliwagawia walimu baadaye. Kwa hiyo mwalimu wake wa Jiografia huenda anatembea na kifaa saidizi kwenye begi bila kujua. Ukiiwasha, simu inabadilika tabia: kugusa mara moja hakufungui kitu, kunataja tu kilichopo chini ya kidole, kufungua ni kugonga mara mbili, kwenda kitu kinachofuata ni kutelezesha kidole kulia. Anayeona akiiwasha kwa mara ya kwanza hudhani simu imeharibika. Jifunzeni kwanza kuizima: kwenye simu nyingi unabonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache, baada ya kuruhusu njia hiyo ya mkato kwenye mipangilio. Sauti ya Kiswahili ya Google ipakuliwe mkiwa kwenye Wi-Fi ili ifanye kazi bila bando. Ndani ya TalkBack kuna hata kibodi ya nukta nundu, vidole sita juu ya kioo, na anayejua nukta nundu huandika ujumbe kwa kasi ya kukuacha mdomo wazi.

Hapo mtakuwa na mashine inayosoma. Itasoma nini?

Hili ndilo shimo ambalo miradi mingi inatumbukia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na watu huchapisha mitihani ya miaka iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp. Mnapakua faili, mnawasha NVDA, kimya. Faili nyingi zinazozunguka ni picha za kurasa zilizopigwa au kuskaniwa, na programu ya kusoma skrini haioni maneno, inaona picha moja kubwa. Kipimo chake ni rahisi: jaribuni kuuburuza mshale wa panya juu ya mstari mmoja. Mstari ukijikoleza neno kwa neno, mashine itausoma. Ukurasa mzima ukijikoleza kwa pamoja, au usijikoleze kabisa, hiyo ni picha. Zipo programu za kugeuza picha kuwa maandishi, na kwenye ukurasa safi wenye safu moja hufanya kazi nzuri. Kwenye fotokopi ya fotokopi, yenye majedwali na alama za hisabati, huzalisha uji.

Kwa hiyo mtachapa. Chukueni wahitimu wa kidato cha nne wanaosubiri matokeo, wapeni posho kwa ukurasa, wachape sura ambazo binti anazihitaji muhula huu, wasianze na kitabu kizima. Vichwa vya habari vitengenezwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo kwenye Word. Kukoleza na kuongeza ukubwa wa herufi hakutoshi, kwani mtu anayeona ataona kichwa, mashine haitakiona. Kikiwa kimewekwa sawasawa, faili hilo mkalihifadhi kama ukurasa wa wavuti, binti atabonyeza H aruke kutoka kichwa hadi kichwa. Kisipokuwa hivyo, itabidi asikilize kurasa arobaini kutafuta mada moja.

Kazi ngumu ni michoro. Chukua mchoro wa moyo kwenye Baiolojia. Mchapaji mvivu ataandika "mchoro wa moyo" apite. Mwenye bidii ataandika kwamba moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, damu inaingia wapi na kutokea wapi. Halafu kuna jambo ambalo lazima alitaje: upande wa kulia wa moyo umechorwa kushoto mwa ukurasa, kwa kuwa tunautazama mwili wa mtu aliyetuelekea. Asipolisema, atakuwa amemfundisha binti mambo kinyume, na mtihani hautamhurumia. Maelezo ya michoro yapitiwe na mwalimu wa somo kabla faili halijatolewa. Hapa, Mwalimu, utumishi wako wa miaka mingi una thamani kuliko kompyuta zote tano. Mchoro ambao maneno yanaushinda, utengenezeni: uzi na gundi juu ya karatasi ngumu, mchanga kwa sehemu ya bahari, maharage kwa miji. Ramani ya namna hiyo hata wanaoona wataigombania.

Hadithi za watoto msizichape. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria. Mnaruhusiwa kupakua, kukuza herufi, kusoma kwa sauti na kurekodi. Kurekodi nako ni kazi ambayo kata nzima inaweza kushiriki: msomaji mzuri, chumba chenye mapazia, simu iliyowekwa kwenye hali ya ndege ili isilie katikati. Kila sura iwe faili lake, na namba ya ukurasa itajwe, la sivyo mwalimu akisema fungueni ukurasa wa 63 yeye atabaki anapapasa.

Mtauliza kuhusu hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2016 na ambao Tanzania imejiunga nao, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa zisizotafuta faida kutengeneza nakala zinazosomeka za vitabu kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu, wenye matatizo ya kusoma kama disleksia, na wasioweza kushika kitabu au kufungua kurasa. Viziwi haukuwagusa. Muulizeni mwanasheria wa halmashauri maktaba yenu itambulikeje chini ya utaratibu huo, na nakala hizo zibaki kwa wanaohusika. Msizirushe kwenye makundi.

Wale ndugu wenye ualbino ni kazi nyepesi kifedha, na inauma kuona jinsi watoto kama wao wanavyoachwa. Wengine hupelekwa shule za wasioona wakaishia kusoma nukta nundu kwa macho, wameinama juu ya karatasi nyeupe wakifuata vivuli vya nukta. Macho yao yanaona, ila yanaona kwa karibu, yanachezacheza, na mwanga mkali unayatesa. Wapimwe miwani kwanza. Kisha wakae mbele, dirisha likiwa nyuma yao, kofia yenye ukingo iruhusiwe ndani. Fundi seremala atengeneze stendi za kuinulia kitabu mpaka karibu na uso, wasikunje migongo. Maandishi yachapwe kwa ukubwa wa pointi 18 au zaidi, wino mweusi. Ubaoni wanaweza kupiga picha kwa simu na kuikuza, na shule ikubali simu hiyo kwa maandishi, isije ikanyang'anywa na mwalimu wa zamu. Kama wanatembea mbali kuja maktaba, mafuta ya kukinga jua ni sehemu ya kusoma kwao. Mjini Moshi yanatengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino. Kliniki ya ngozi ya hospitali yenu itajua yanapatikanaje.

Kuhusu kijana kiziwi nitasema jambo ambalo baadhi ya wafadhili hawapendi kulisikia: msianze na kifaa cha usikivu. Kama alizaliwa hasikii na hajawahi kusaidiwa, kifaa cha masikio akiwa na miaka kumi na kitu kitampa kelele, hakitampa lugha. Anachohitaji ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na watu wa kuongea nao. Kijana aliyekaa nyumbani kati ya watu wasiojua alama huwa na ishara chache za kifamilia za chakula, kulala na kazi, basi. Wasilianeni na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mpate mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi, aje kwa awamu. Afundishe kijana, mama yake, wahudumu wa maktaba na yeyote mwingine anayetaka. Watoto hushika alama haraka kuliko sisi; wapeni nafasi. Kijana akishapata lugha, simu ya picha ya WhatsApp inakuwa kifaa chake, anaongea na viziwi wa Tanga na Dar es Salaam kwa mikono.

Programu ya Google ya kuandika papo hapo yanayosemwa, iliyotoka mwaka 2019, inakubali Kiswahili. Itamsaidia sana mzee aliyepoteza usikivu ukubwani na anayejua kusoma. Kwa kijana huyu bado; Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili ambayo hajafundishwa. Na mtu akiwaletea mfuko wa vifaa vya usikivu vilivyotumika, msiwavishe watu. Kila kifaa hurekebishwa kulingana na vipimo vya sikio la mtu, na kilichowekwa sauti kubwa kupita kiasi kinaweza kudhuru usikivu uliobaki. Halafu zile betri ndogo zinaanza kuisha mara ukibandua karatasi yake, na nyingi hazimalizi wiki mbili. Asiyekuwa na uhakika wa betri ya mwezi ujao atakuwa na pambo la sikio.

Mtoto wa miaka tisa nimemweka mwisho kwa sababu yeye msimfanyie kitu kabla hajaonwa na wataalamu wa utengamao; Hospitali ya Rufaa ya Bombo ndiyo kubwa ya mkoa wenu. Mwili ukikaa vibaya mikono haitulii, na kiti kibaya kinaweza kumpotosha mgongo. Wakishawapa vipimo, kiti kinaweza kutengenezwa kwa mbao, au hata kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga tabaka juu ya tabaka. Ufundi huo ulibuniwa Zimbabwe na Bevill Packer, na kiti chake kikikauka vizuri mtu mzima anakikalia. Msichukulie kwamba kwa kuwa maneno yake hayaeleweki basi haelewi. Mtengenezeeni ubao wa picha: maji, choo, naumwa, ndiyo, sitaki, nisomee tena. Aonyeshe kwa kidole, kwa ngumi au kwa macho, na mumsubiri. Kwenye kompyuta, bonyezeni Shift mara tano mfululizo na Windows itajitolea kuviacha vitufe vishikike kimoja kimoja badala ya viwili kwa pamoja. Kwenye mipangilio hiyo hiyo mnaweza kuiambia ipuuze vitufe vilivyoguswa kwa bahati mbaya. Ni bure, imo humo miaka mingi.

Mlango wa maktaba una ngazi? Mteremko wa kiti cha magurudumu unataka urefu mara kumi na mbili ya kimo cha ngazi: ngazi za sentimita 30, mteremko wa mita 3.6. Pungufu ya hapo ni kumrudisha mtu kinyumenyume. Na choo kiangalieni vile vile.

Fedha ningezigawa hivi, nanyi mtarekebisha. Milioni moja na nusu kwa vifaa: simu mbili za Android za bei ya chini, vipokea sauti vya waya (vya kuchaji vinapotea na kuzima), flashi, miwani, stendi, vibao vya nukta nundu na karatasi nene. Milioni mbili kwa posho ya vijana wawili mwaka mzima, mmoja wa kufundisha na kutunza mashine, mwingine wa kusimamia uchapaji. Laki saba kwa mwalimu wa alama. Laki tano zisiguswe mpaka kitu kiharibike, na kitaharibika. Laki tatu zilizobaki ni nauli za kwenda hospitali, kwa sababu familia nyingi hukwama hapo. Mmoja wa vijana hao wawili awe mtu mwenye ulemavu, mkimpata. Na mkiwa na watu wenye ulemavu wanaotaka kufanya kazi ya uchapaji kama biashara, wajisajili kikundi waombe mkopo usio na riba wa halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo hiyo, asilimia 2 ni yao.

Simu hizo ziazimwe nyumbani. Najua kamati itaogopa wizi. Lakini kujifunza TalkBack kwa saa mbili za Jumamosi ni kupoteza wakati, kidole kinataka kushika simu kila siku. Andikishaneni na mzazi, mkubali kwamba huenda moja ikavunjika.

Jambo moja halingoji kikao cha kamati. Binti yuko kidato cha pili, maana yake mwaka huu ana upimaji wa kitaifa. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi yaliyokuzwa kwa watahiniwa waliosajiliwa kuwa wanazihitaji, na huwaongezea muda. Nendeni kwa mkuu wa shule wiki hii, mwombeni awaonyeshe usajili wake umeandikwaje. Kisha mpeni binti aya moja ya nukta nundu aisome mbele ya mwalimu, mkiwa na saa. Kama anasoma polepole, miezi iliyobaki itumike kwenye vidole vyake, na kompyuta zisubiri zamu.